Kama Halipo, Laja

Nilipofika nyumbani Tukuyu Desemba iliyopita, mama mdogo aliniuliza swali ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu nianze shahada ya uzamili.

"Hivi wewe huko Dar unasomea nini hasa?"

Nilikuwa nimechoka na safari, nikajibu kwa kifupi. "Nasomea vitu visivyoonekana, mama. Tunajua vipo kwa sababu ya yale vinayovifanyia vitu vingine."

Akaacha kumenya ndizi. Akanitazama, kisha akasema taratibu, "Kumbe na chuo kikuu wanafundisha hayo?"

Baba alicheka. Mimi nilicheka. Mama mdogo hakucheka.

Usiku ule mvua ilipiga bati mpaka alfajiri, kama kawaida ya Rungwe. Huku kwetu mtu anayesomea anga anachekwa kwa haki, maana kuna wiki nzima unapita hujaona nyota hata moja. Nililala macho nikilifikiria jibu nililompa. Kwa upande wa fizikia lilikuwa sahihi. Lakini pia yalikuwa ndiyo maelezo ambayo wangeweza kuyatoa watu waliomhamisha Bibi wa Ng'ambo miaka tisa iliyopita: kitu hakionekani, ila tunajua kipo kwa sababu ya yale kinayowafanyia wengine.

Swali la insha hii ni hilo. Ni lini mtu ana haki ya kuamini kilichopo nyuma ya pazia kwa kuangalia pazia linavyotikisika? Na pale ambapo hana uhakika, nani alipie huo mashaka wake?

*

Nianze na ninachokisomea.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwanaastronomia wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichunguza mwendo wa galaksi katika kundi la Coma. Zilikuwa zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lile lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Akasema lazima kuna maada nyingine, isiyoonekana, inayozishika pamoja. Wengi hawakumjali. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya galaksi ya Andromeda: nyota zake za pembezoni zinazunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyostahili uzito unaoonekana. Galaksi nyingine zikaja kuonyesha jambo lilelile.

Leo, kwa vipimo vya satelaiti ya Planck, maada ya kawaida, yaani wewe, mimi, migomba na Mlima Rungwe wenyewe, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni kama asilimia 27. Inayobaki inaitwa nishati ya giza, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Jina "maada ya giza" linapotosha kidogo. Kitu cheusi huzuia mwanga. Hiki mwanga unakipita kana kwamba hakipo. Tunakijua kwa uzito wake tu.

Swali linalofuata ni: kimetengenezwa na nini? Hapa ndipo zilipoingia modeli za mchanganyiko. Wanakosmolojia hutofautisha chembe "baridi" na chembe "moto". Chembe baridi hazina haraka. Zinatulia, zinarundikana, na vilundo vidogo vinaungana kuwa vikubwa mpaka galaksi zinazaliwa. Chembe moto zilikimbia karibu na kasi ya mwanga ulimwengu ulipokuwa mchanga, kwa hiyo zinatoroka katika kilundo chochote kidogo kabla hakijakua, kama maji unayojaribu kuyarundika kwa kiganja. Ulimwengu wa maada baridi una vilundo vidogo vingi. Ulimwengu wa maada moto unavifuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapo waliodhani kwamba maada ya giza yote ni nyutrino, chembe nyepesi zilizokuwa zinajulikana tayari. Wakajaribu kwenye kompyuta. Ulimwengu uliotoka haukufanana na huu. Wakahamia kwenye maada baridi peke yake. Mwaka 1992 satelaiti ya COBE ilipopima mabonde na vilima hafifu katika mionzi ya kale zaidi inayotufikia, ikaonekana kuwa modeli ya baridi peke yake, kama ilivyokuwa wakati huo, inatoa vilundo vidogo vingi kupita kiasi. Basi wakachanganya: sehemu kubwa baridi, asilimia 20 hadi 30 moto. Kwa miaka michache mchanganyiko huo ulikuwa miongoni mwa modeli zilizopendwa sana.

Kisha ukaja mwaka 1998. Timu mbili zilizokuwa zikichunguza milipuko ya nyota za mbali zilitangaza kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi. Ukiweka nishati ya giza kwenye hesabu, maada baridi inatosha. Haihitaji tena kupunguzwa makali na robo ya maada moto. Mwaka huohuo, huko Japani, watafiti wa Super-Kamiokande, tangi lenye tani 50,000 za maji safi chini ya mlima, walionyesha kwamba nyutrino zinabadilika aina zikiwa njiani, na hilo haliwezekani kama hazina uzito.

Kwa hiyo maada moto ipo kweli. Wale wa mchanganyiko hawakuwa wameota. Ila kiasi chake, kwa vipimo vya leo, hakifiki asilimia 1 ya maada yote, si robo waliyoidhania.

Modeli ile haikuuawa siku moja. Ilipunguzwa. Katika hesabu zetu kiasi cha maada moto ni herufi moja, na herufi hiyo unaweza kuisogeza kutoka robo kuja sehemu ya kumi, kuja sehemu ya mia. Modeli ya namna hii haikanushwi kirahisi. Data zikiikataa, inasogea nyuma hatua moja na kusema, "Basi nipo kidogo."

*

Tasnifu yangu inauliza kama, mbali na nyutrino tunazozijua, kuna sehemu nyingine ya maada ya giza isiyo baridi kabisa. Natumia data za bure ambazo yeyote mwenye bando la intaneti anaweza kuzipakua, na programu za bure.

Agosti nilipata mchoro wenye kilele mbali na sifuri. Yaani data zilikuwa zikisema: ndiyo, ipo sehemu hiyo. Sikulala. Asubuhi nilimpelekea msimamizi wangu. Aliutazama muda mrefu, akaniuliza maswali mawili tu.

"Umeacha data gani nje?"

Nilikuwa nimeacha seti moja, ile inayopima mawingu ya gesi yaliyoko kati yetu na kwasa za mbali. Nilikuwa na sababu: data zile zina usumbufu wake, gesi ina joto, na joto linaweza kuiga athari ninayoitafuta. Ilikuwa sababu nzuri, na imo hata kwenye vitabu. Tatizo ni kwamba niliitafuta baada ya kuona kuwa nikiziweka data zile kilele changu kinapotea. Msimamizi hakuyajua hayo. Mimi niliyajua.

Swali la pili: "Ungeona nini ungekubali kwamba umekosea?"

Sikuwa na jibu.

Nilizirudisha data zile, pamoja na mashaka yake yote yakiwa yameandikwa wazi. Kilele kikateleza mpaka sifuri na kukaa hapo. Sasa tasnifu yangu haitasema "nimeipata" wala "haipo". Itasema kile ambacho kazi nyingi za namna hii husema: kama ipo, ni chini ya kiasi hiki. Tunaita kikomo cha juu. Ni sentensi ya unyenyekevu, na naipenda. Mtu anakiri mpaka wa macho yake, na anaacha mlango wazi kwa atakayekuja na darubini kubwa zaidi.

Nilikuwa naipenda mpaka nilipokaa tena jikoni kwa mama mdogo.

*

Bibi wa Ng'ambo tulimwita hivyo kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, mkabala na kwetu. Alikuwa mjane, ana ng'ombe mmoja wa maziwa na shamba la viazi. Nilipokuwa mdogo, mama akichelewa gulioni, nilikula kwake.

Nikiwa kidato cha tatu, mtoto wa mama mdogo, mwenye miaka minne, alishikwa na homa Jumatatu, akafariki Alhamisi. Kabla ya miezi mitatu, mzee mmoja wa upande uleule wa kijito alianguka shambani na hakuamka. Kisha ng'ombe wa jirani akatupa mimba. Watu wakaanza kuhesabu. Nyumba zote tatu zilikuwa karibu na nyumba ya Bibi wa Ng'ambo.

Leo ninaweza kusema kasoro ya hesabu ile ilikuwa wapi. Nyumba zote za pale ziko karibu na nyumba yake. Ndivyo kijiji kilivyo. Hakuna aliyewahesabu watoto waliougua na kupona mwaka ule, wala waliokufa upande wa barabarani ambako bibi hakuwa na jirani. Tulihesabu yale yaliyokwisha kuonekana kuwa yanafanana. Nasema "tulihesabu" kwa makusudi.

Jioni moja wakubwa walikaa nyumbani kwetu. Nilipeleka chai. Mmoja akaniuliza, bila uzito wowote, kama nimewahi kumwona bibi nje usiku. Nikasema ndiyo. Wiki ile mtoto alipokufa, nilitoka kwenda chooni mvua ikinyesha, nikaona taa kwenye migomba ng'ambo, inakwenda na kurudi. Nikamtambua bibi.

Sikudanganya. Niliiona taa. Sikusema neno "mchawi", wala sikuulizwa nadhani alikuwa akifanya nini. Lakini niliona nyuso zao zilivyobadilika, na nilijua jibu langu linakwenda wapi, nikaliacha liende. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikilizwa na watu wazima, na niseme ukweli: nilijisikia vizuri.

Hakupigwa. Hakuna aliyemtamkia kitu usoni. Watu waliacha kununua maziwa yake. Kwenye msiba alipowasha jiko, wanawake wengine waliona wanahitajika kwingine. Baada ya mwaka mmoja na kitu binti yake alikuja kumchukua, akampeleka Kyela.

Alipoondoka, baba, ambaye si mtu mbaya, alisema maneno ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Mwingine akaongeza: "Hata kama si yote, kuna kitu kidogo."

Kuna kitu kidogo. Hicho ndicho kikomo cha juu.

*

Mtu anaweza kusema tofauti ni rahisi: maada ya giza ni sayansi, uchawi ni imani potofu, mambo yamekwisha. Sidhani kama ni rahisi hivyo. Ninayo mifano miwili inayonizuia, mmoja wa Ulaya na mwingine wa hapa hapa mlimani.

Katika karne ya 19 sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyopangiwa na hesabu. Mfaransa Urbain Le Verrier akasema kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akakokotoa mahali pake. Mwaka 1846 darubini ya Berlin ilielekezwa huko, na Neptune ikaonekana usiku uleule. Baadaye sayari ya Zebaki nayo ilionekana kupotoka kidogo. Mwaka 1859 Le Verrier akasema tena: kuna sayari iliyojificha karibu na Jua. Ikapewa jina Vulcan. Watu waliitafuta kwa miongo mingi, na wengine wakaapa wameiona. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba ilikuwa ni nadharia ya mvutano iliyohitaji kurekebishwa. Mtu yuleyule, kwa akili ileile na njia ileile, alipatia mara ya kwanza na kukosea mara ya pili.

Mfano wa hapa ni kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyo wa msituni, mwenye aibu, na waliokuja kuuliza hawakujua kama wanasimuliwa mnyama au hadithi, kwa kuwa masimulizi yetu yana wanyama wa aina zote mbili. Watafiti wa wanyamapori waliamua kwenda kuangalia. Mwaka 2003 walimwona katika misitu ya Mlima Rungwe. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yenye jina la mlima wetu. Lisemwalo lilikuwepo. Aliyelipuuza kwa kuwa limesemwa na wawindaji wasio na shahada angekuwa amekosea.

Kwa hiyo siwezi kusema "usiamini usichokiona". Ningepoteza Neptune, nyutrino na kipunji. Ninachoweza kusema ni kwamba vyote vitatu vilipitia mlango mmoja. Palikuwa na mahali pa kwenda kuangalia, na pale mahali pangeweza kurudisha jibu la hapana. Darubini ya Berlin ingeweza kukuta anga tupu. Tangi la Japani lingeweza kuonyesha nyutrino zisizobadilika. Wanaoamini katika maada moto wangeweza kuendelea kusogeza ile herufi yao mpaka mwisho wa dunia. Kilichowatoa hapo ni ushahidi wa aina nyingine, kutoka njia nyingine, usiotegemea matumaini yao.

Wazee wetu nao walijua kwamba shutuma inahitaji kipimo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi watu walivyosema kuwa mchawi ana chatu tumboni, na jinsi maiti zilivyopasuliwa kutafuta dalili. Kabla ya hapo kulikuwa na umwafi, kinywaji cha kiapo alichonyweshwa mshukiwa: akitapika, hana hatia. Tunaweza kuvicheka vipimo hivyo. Ila kinachonishtua si ubovu wake tu. Ni nani alilipia. Aliyepaswa kunywa sumu ili kujisafisha ni mshukiwa. 

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo tasnifu yangu haikuwa imenifundisha. Ninapoandika "kama ipo, ni chini ya kiasi hiki", masalia ya shaka yangu hayamkai mtu yeyote kifuani. Ulimwengu hauumii kwa kushukiwa. Mlango ninaouacha wazi ni ukarimu, na gharama naibeba mimi: kama nimekosea, jina langu ndilo litakalochekwa. Ukiichukua sentensi hiyohiyo ukamwekea mwanadamu, inageuka. "Kama ana uchawi, ni kidogo" si unyenyekevu tena. Ni hukumu ndogo isiyo na rufaa, kwa sababu hakuna mshukiwa anayeweza kuishusha mpaka sifuri. Ataifanyia nini? Akikaa kimya, anaficha. Akilia, anaigiza. Akihama, alijijua. Kila data inaisogeza herufi, hakuna inayoifuta.

Ndiyo maana Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Zamani nilidhani kanuni hiyo inadai kujua kitu, kwamba inasema mshitakiwa hakufanya. Haisemi hivyo. Mahakama haijui zaidi yangu. Inachofanya ni kuamua mapema kwamba pale tusipojua, gharama ya kutokujua haitalipwa na aliyesimama kizimbani. Hata Sheria ya Uchawi, tuliyorithi kutoka utawala wa Mwingereza, pamoja na utata wake mwingi, inamhesabu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji. Lakini kijijini kwetu hakuna aliyetaja. Ndiyo ujanja wa asilimia moja: haihitaji kutamkwa.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita, na limekaa jikoni linamenya ndizi. Mama mdogo alizika mtoto wa miaka minne na hakuna aliyemwambia sababu. Zahanati walisema homa. Homa ni jina la kuungua. Halimwambii mama kwa nini wake na si wa mwingine. Mimi ninayelipwa posho kuandika "hatujui" nina raha ya kutokujua ambayo yeye hakuwa nayo. Ukimnyang'anya mtu maelezo, hata mabaya, umemwachia shimo, na si haki kusimama ukingoni ukimfundisha kanuni za ushahidi.

Nakubali. Gharama ya kutokujua haiyeyuki. Lazima mtu aibebe, na mama mdogo aliibeba iliyo nzito kuliko zote. Lakini tulichofanya mwaka ule hakikumpunguzia. Tulichukua shimo lake tukachimba la pili, la bibi, na lile la kwanza likabaki na kina chake. Kama tungetaka kumsaidia kuubeba, tungekaa naye tukasema "hatujui" pamoja naye, wiki baada ya wiki. Hilo ni gumu kuliko kumtaja mtu. Hatukulifanya.

*

Siku tatu kabla ya Krismasi nilishuka Kyela. Ukitoka baridi ya Tukuyu unavua koti njiani, na ukifika ni joto, mpunga na kokoa. Bibi alikuwa kibarazani anapepeta mchele.

"Mwagonile, bibi."

"Ugonile, mjukuu wangu. Umekuwa mtu mzima." Akainuka kunitafutia kigoda.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache: kwamba ule mwaka waliniuliza kama nimemwona nje usiku, nikasema nimeona taa, nikanyamaza hapo.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Ule usiku wa mvua? Ndama alikuwa amekata kamba."

Sikusema kitu.

"Nilikuona umesimama pale kwenu. Nikakuita uje unisaidie kumshika. Nikadhani mvua imekuzuia kusikia."

Huenda ni kweli sikusikia. Nimeitafuta sauti hiyo kichwani tangu siku ile, na siipati. Ninachokijua ni kwamba asubuhi yake ningeweza kuvuka kijito, hatua zisizozidi mia moja, nikamuuliza alikuwa anatafuta nini. Huo ndio ulikuwa upimaji wenyewe. Haukuhitaji satelaiti.

Nikasema, "Nisamehe, bibi."

"Nimesikia," akasema. Hakusema amesamehe. Akaingia ndani, akatoka na wali na samaki, tukala. Nilipoaga akanishika mkono akasema, "Usinieleze mimi. Mimi najua nilikuwa natafuta nini. Kawaeleze wao."

*

Usiku wa Krismasi, baada ya chakula, niliwaeleza. Baba alikuwepo, mama, mama mdogo, na baba mkubwa aliyekuwa miongoni mwa wale waliokunywa chai siku ile. Nilieleza taa, ndama, na kuitwa. Sauti yangu ilitetemeka kuliko nilivyopenda.

Baba mkubwa akasema ni zamani. Baba akatikisa kichwa, akaanza: "Lakini mwanangu, lisemwalo..."

"Nililisema mimi, baba," nikamwambia. "Na sikujua lolote."

Kimya kikakaa. Ni mama mdogo aliyekivunja, na alimgeukia baba, si mimi.

"Yule ndama mwekundu? Aliyeingia kwenye mahindi yenu? Si ndio wiki tuliyomzika mtoto. Wewe mwenyewe ulimfunga, ukamrudishia bibi asubuhi, ukalalamika matanga yote."

Baba alitazama chini muda mrefu. Alikumbuka. Sote pale tuliokuwa watu wazima au karibu na utu uzima tulikumbuka. Ndama alikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyemweka kwenye hesabu.

Mama mdogo hakusema zaidi. Alikusanya sahani, akazipeleka jikoni, na nilimsikia akiziosha taratibu kuliko ilivyohitajika. Nilimfuata, nikachukua kitambaa nikawa nazikausha. Baada ya muda aliniuliza kama bibi bado anaona vizuri. Nikasema anaona. Akauliza kama ana simu. Nikasema binti yake anayo.

"Niandikie namba," akasema, "kwa herufi kubwa."